Chokoleti ya Asumini, Waridi na Choya: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Nyumbani

Kosa la kwanza la wanaoanza huwa ni hili: mtu anachemsha petali za waridi majini, anachuja, kisha anamimina yale maji kwenye chokoleti iliyoyeyuka vizuri. Nusu dakika haipiti, chokoleti inakakamaa kama udongo wa mfinyanzi uliopigwa jua. Haikorogeki, haimiminiki. Na cha ajabu, imekauka hivyo kwa sababu ya maji.

Chokoleti ni chembe ndogo sana za kakao na sukari zinazoelea ndani ya mafuta. Maji karibu hayamo kabisa. Yakiingia matone machache, sukari inayanywa, chembe zinalowa na kung'ang'aniana, nayo mafuta yanatengwa pembeni. Harufu ya ua nayo imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka hewani, na mafuta hayo hukimbilia mafuta mengine kuliko yanavyokimbilia maji. Kwa hiyo kazi yote ni moja: kuihamisha harufu kutoka kwenye ua hadi kwenye siagi ya kakao (mafuta ya kakao yenyewe) au mafuta ya krimu, bila kuingiza maji na bila kuiunguza. Ukilishika hilo, mengine ni kufuata vipimo.

Njia hii ni ya zamani. Katika karne ya 17 huko Florence, Italia, Francesco Redi, tabibu wa Cosimo III de' Medici, alitengeneza chokoleti ya asumini kwa kupanga chenga za kakao iliyokaangwa na maua mabichi tabaka juu ya tabaka, akiyabadilisha maua kila baada ya saa 24, mara 10 hadi 12. Maua hayakuguswa na moto hata mara moja. Siri hiyo haikutolewa hadharani mpaka baada ya kifo chake mwaka 1697.

Kuchagua maua

Mwongozo huu unahusu maua matatu yanayopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki, na kila moja lina tabia yake.

Asumini inayofaa ni ile ya kikuba, Jasminum sambac, inayouzwa jioni Unguja na Mombasa. Uzuri wake ni kwamba huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa. Chuma vitumba vyeupe vilivyovimba saa 10 au 11 jioni. Vitafunguka vyenyewe saa 2 hivi usiku, na hapo ndipo vinapokuwa na nguvu kamili. Asumini iliyochumwa saa 4 asubuhi imeshamaliza kazi yake. Usijaribu kuikausha pia, kwani ikikauka harufu yote huwa imekwenda na upepo.

Waridi ni kinyume chake. Likichumwa halitoi tena harufu nyingi mpya, ila petali zake zikikaushwa vizuri huhifadhi sehemu nzuri ya ladha. Tumia mawaridi yanayonukia ungali mbali nayo. Waridi zuri kwa macho lisilonuka litaipa chokoleti ladha ya majani tu. Chuma asubuhi umande ukishakauka, na kwenye kila petali kata ile ncha nyeupe ya chini iliyoshikana na kikonyo, maana ina uchungu.

Choya, au rosela, kwa kweli si petali bali ni vile vikombe vyekundu vinene vinavyobaki ua likishaanguka. Harufu yake ni ndogo. Inachotoa ni uchachu na rangi. Kwa sababu hiyo haiingii kwa njia ya wenzake, kama itakavyoonekana mbele.

Karafuu nayo ni ua, au tuseme kitumba cha ua kilichokaushwa kabla hakijafunguka. Inapatana sana na chokoleti nyeusi, lakini ina nguvu: chembe moja iliyosagwa inatosha gramu 200 za chokoleti. Ukizidisha, ulimi utakufa ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno.

Usalama wa maua haulindwi na harufu nzuri. Oleanda ni sumu kila sehemu. Alamanda, tarumbeta la malaika na msanapichi hayaliwi. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya waridi yanayopandwa sana kwenye vyungu, utomvu wake ulitumika Afrika Mashariki kutengenezea sumu ya mishale. Jihadhari hasa na kichaka cha Cestrum nocturnum: maua yake membamba ya kijani-manjano hunukia usiku, na wauzaji wa miche wengine hukiita asumini. Hicho ni sumu. Asumini ya kweli ina maua meupe na majani mapana yanayong'aa, na matunda ya beri nyeupe kama yale ya Cestrum huyaoni juu yake.

Mawaridi ya dukani, yale ya mashada yanayotoka kwenye mashamba ya Naivasha au Arusha, yamekuzwa kwa ajili ya kutazamwa. Yamepigwa dawa za wadudu na ukungu ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, na kuyaosha hakuziondoi zote. Tumia ya uani kwako ambayo unajua hayajapuliziwa kitu, au petali kavu zinazouzwa kama chakula. Maji ya waridi nayo yasome lebo: yale ya kula ni sawa, ila marashi ya kunyunyizia wageni mara nyingine huwa ni manukato yenye viungo visivyoliwa. Arki ya waridi ya kutilia keki inaweza kutumika, kwa tone moja moja tu. Ikizidi, chokoleti itanuka sabuni.

Maua yote toa stameni na poleni kabla ya kutumia, hasa ikiwa mlaji ana mzio. Usiyaloweke majini. Tikisa kutoa wadudu, futa kwa brashi laini, na kama ni lazima kuosha, tumbukiza mara moja kwenye maji baridi kisha tandaza juu ya kitambaa safi mpaka yakauke kabisa.

Kukausha petali za waridi: tandaza kwenye ungo, tabaka moja, kivulini penye upepo, siku 2 hadi 4. Pwani wakati wa mvua hazitakauka kwa njia hiyo, zitaota ukungu tu. Tumia oveni kwa nyuzi 45 za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kidogo, saa 2 hadi 3. Petali iliyokauka huvunjika ikifinywa, inayokunjika bado.

Chokoleti na vifaa

Soma viungo kwenye pakiti. Mafuta yanayotajwa yawe ni siagi ya kakao peke yake. Ukikuta mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, hiyo ni chokoleti ya bandia ya kupambia keki. Haina haja ya kutempwa (kuyeyushwa na kupozwa kwa vipimo ili ing'ae), lakini mdomoni hukaa kama nta badala ya kuyeyuka. Waridi linataka chokoleti nyeusi ya asilimia 55 hadi 64. Asumini inataka nyeupe, au ya maziwa. Kwenye nyeusi ya asilimia 70 itafunikwa kabisa, na utakuwa umepoteza maua bure. Choya inakwenda na nyeusi au nyeupe. Ukipata chokoleti iliyotengenezwa kwa kakao ya Kyela, Tanzania, au ya Bundibugyo, Uganda, ionje peke yake kwanza ndipo uamue ua, kwa sababu baadhi zina uchachu wa matunda wa kwao wenyewe na choya juu yake itazidi.

Vifaa: mizani ya kidijitali inayopima gramu moja moja, kipimajoto cha jikoni chenye ncha, bakuli la bati au kioo linalokaa juu ya sufuria bila kugusa maji, mwiko wa silikoni, chujio laini, karatasi ya kuokea, kalibu za plastiki ngumu au za silikoni, na chombo chenye mfuniko unaobana. Kalibu ngumu ndiyo inayotoa mng'ao. Ya silikoni ni rahisi kutumia lakini chokoleti hutoka imefifia. Bila mizani na kipimajoto utakuwa unabahatisha, na siagi ya kakao haina huruma kwa wabahatishaji.

Kutempa, na joto la pwani

Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa fuwele za namna 6. Ni namna moja tu, ya tano, inayoifanya chokoleti ing'ae, ivunjike kwa mlio, itoke kwenye kalibu yenyewe na iyeyuke kwenye nyuzi 34 hivi, yaani mdomoni na si mkononi. Kutempa ni kuyeyusha fuwele zote, kisha kuziita zile za namna ya tano peke yake. Vitonge vinavyobiringishwa kwenye unga wa kakao havihitaji kutempwa. Vipande vya kalibu na ganda la nje vinahitaji, na hapa hakuna njia ya mkato.

Njia ya mbegu ndiyo rahisi nyumbani. Katakata chokoleti yote ndogo ndogo na utenge theluthi moja. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, zima moto, weka bakuli juu yake na uyeyushe theluthi mbili mpaka nyuzi 45 hadi 50 kwa nyeusi, au 40 hadi 45 kwa ya maziwa na nyeupe. Usipite hapo, nyeupe hasa ikiungua hufanya chembechembe na hairudi. Toa bakuli na ufute maji ya chini yake kabla hujalipeleka popote, kwa kuwa tone linaloteleza kutoka kwenye tako la bakuli limeharibu chokoleti nyingi kuliko moto. Sasa tia ile theluthi iliyobaki, ambayo ndiyo mbegu, kidogo kidogo huku ukikoroga bila kuacha, mpaka joto lishuke hadi 31 au 32 kwa nyeusi, 29 au 30 kwa ya maziwa, 28 au 29 kwa nyeupe. Vipande ambavyo havijayeyuka vitoe.

Jaribu kabla ya kumimina: chovya ncha ya kisu na ukiache mezani. Katika chumba cha nyuzi 20, chokoleti ikiganda ndani ya dakika 5 na kung'aa sawasawa, iko tayari. Ikibaki laini au ikifanya michirizi ya kijivu, ishushe hadi 28 (nyeusi) au 26 (nyingine), kisha ipandishe tena taratibu hadi kiwango cha kazi na ujaribu upya.

Haya yote yanadhani chumba chako kina nyuzi 20 hadi 22. Nairobi, Arusha, Lushoto au Kigali utayapata bila shida. Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Februari chumba kina nyuzi 30 na zaidi, na chokoleti haiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayoizunguka. Mwenye kiyoyozi akiwashe saa nzima kabla, akiweke 20, na meza yenyewe ipoe. Asiye nacho afanye kazi saa 10 alfajiri, ikiwezekana wakati wa kipupwe, na ashushe joto kwa kukalisha bakuli juu ya maji ya bomba yenye baridi kwa sekunde 5 hadi 10 tu, alitoe, akoroge, apime, arudie. Barafu haitakiwi: inagandisha chokoleti ya pembeni huku ya katikati ikiwa bado moto. Na kama ni siku ya mvua kubwa na hewa imeshiba unyevu, acha kalibu, tengeneza vitonge.

Vitonge vya waridi

Hapa pa kuanzia. Ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu, ina maji ya kutosha kiasi kwamba chokoleti haikakamai bali hulainika. Mafuta ya krimu yanabeba harufu na maji yake yanabeba utamu. Vipimo hivi vinatoa vitonge 26 hivi vya gramu 12 hadi 13.

Chokoleti nyeusi ya asilimia 60, gramu 200. Krimu yenye mafuta asilimia 35, gramu 130 (zitabaki 100). Petali kavu za waridi, gramu 6. Au mbichi gramu 15. Asali isiyo na harufu kali, gramu 15. Siagi isiyo na chumvi, gramu 20. Maji ya waridi ya kula, kijiko kimoja cha chai. Chumvi, chembe kidogo kwa vidole viwili. Unga wa kakao wa kubiringishia.

1. Pasha krimu hadi nyuzi 80, pale inapoanza kutoa mvuke na vipovu pembeni. Isichemke. Epua, tia petali, funika kwa mfuniko unaobana na uache dakika 25. Mfuniko ni muhimu: harufu unayoisikia jikoni ni harufu ambayo haitakuwemo kwenye chokoleti.

2. Chuja. Kandamiza petali kwa upole kwa mgongo wa kijiko, usizikamue kwa nguvu, kwani zitatoa ukakasi kama wa chai iliyokaa sana. Pima krimu. Ikipungua chini ya gramu 100, ongeza krimu mpya ifike hapo. Wengi huruka kipimo hiki, kisha hushangaa ganashi ikitoka nzito leo na laini kesho: petali kavu hunywa krimu nyingi, tena si kiasi kile kile kila siku.

3. Pasha tena krimu pamoja na asali na chumvi hadi nyuzi 75, umimine juu ya chokoleti iliyokatwa ndogo. Subiri dakika 2 bila kugusa. Kisha koroga kutoka katikati kwa miduara midogo, ukipanuka kuelekea pembeni, mpaka ing'ae.

4. Ikishuka hadi nyuzi 35, tia siagi laini, koroga, kisha maji ya waridi mwisho kabisa. Ukiyatia kwenye krimu ya moto yatapaa.

5. Mimina kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, bandika karatasi nyingine ya plastiki juu yake iguse ganashi, na uache mahali pa baridi saa 6 hadi 12. Friji ni sawa kwa wa pwani.

6. Kata vipande, viringisha haraka kwa viganja, tupia kwenye unga wa kakao. Mikono ikiwa ya moto, iweke chini ya maji baridi na uikaushe vizuri sana.

Ganashi ikitoa mafuta juu na kuonekana kama mchuzi uliokatika, ina maana mafuta yamezidi maji au joto limezidi. Isitupwe. Tia kijiko kimoja cha maziwa ya vuguvugu, koroga kutoka katikati, ongeza kingine kama haijashikana. Ikiwa laini mno hata baada ya kulala usiku, iyeyushe kwa nyuzi 40 na uongeze gramu 30 za chokoleti.

Ukitaka kuvika vitonge ganda, chokoleti iliyotempwa iwe nyuzi 31 hadi 32, na vitonge vyenyewe viwe vimetoka kwenye friji dakika 20 kabla. Kitonge cha baridi kali hupanuka kikipata joto na kupasua ganda lake, kisha ganashi hutoka kwenye ufa kama usaha. Picha si nzuri, lakini ndivyo inavyoonekana.

Mtu asiyekula maziwa anaweza kutumia tui zito la nazi, ila alijue jambo moja: nazi ina sauti kubwa. Waridi na karafuu zinaweza kuzungumza nayo, asumini haiwezi. Na vitonge vya tui bichi viliwe ndani ya siku 3.

Asumini: njia mbili

Njia ya haraka ni krimu baridi. Chukua gramu 130 za krimu iliyotoka kwenye friji, uzamishe gramu 15 za asumini zilizofunguka usiku huo huo, bila vikonyo vya kijani. Funika, rudisha kwenye friji saa 10. Chuja, tia gramu 15 nyingine mbichi za usiku wa pili, tena saa 10. Usiache maua yale yale ndani ya krimu zaidi ya saa 12. Asumini ikianza kubadilika rangi kuwa kahawia, upande wa pili wa harufu yake unajitokeza, ule mzito unaokaribia kunuka kitu kilichooza. Upo ndani ya kila ua la asumini, na kwa kiasi kidogo ndio unaoifanya iwe na mvuto, lakini ukizidi hakuna sukari inayouficha.

Maua mabichi si safi kama krimu ya pakiti, kwa hiyo baada ya kuchuja, pasha krimu ikiwa imefunikwa hadi nyuzi 70 na uishikilie hapo dakika 2. Harufu kidogo itapotea, nyingi itabaki kwenye mafuta. Pima gramu 100, mimina juu ya gramu 280 za chokoleti nyeupe, uendelee kama kwa waridi lakini bila siagi na bila asali. Chokoleti nyeupe haina chembe za kakao za kuishikilia, ndiyo maana inataka karibu mara 3 ya uzito wa krimu. Kamulia matone machache ya ndimu mwishoni kama utamu unakusumbua. Punje mbili za iliki zilizopondwa zinaweza kuingia kwenye krimu, ingawa asumini yenyewe ikiwa nzuri iliki ni kelele tu.

Njia ya pili ni ile ya Redi, iliyopunguzwa kuwa ya jikoni la nyumbani, kwa ajili ya vipande vya kalibu visivyo na krimu. Tumia siagi ya kakao badala ya chenga. Kwaruza gramu 100 kwenye kikwaruzo laini. Kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, tandaza tabaka la siagi, juu yake kitambaa chembamba cha pamba, juu yake maua, kisha kitambaa, kisha siagi tena. Gramu 30 za asumini kwa usiku mmoja. Kesho yake jioni inua vitambaa na maua yake, tupa, weka mapya. Fanya hivyo usiku 5 hadi 7. Usitumie chokoleti iliyokwaruzwa badala ya siagi ya kakao: sukari yake itanyonya unyevu wa maua, nayo itashikana kuwa donge.

Ukimaliza, yeyusha siagi kwa nyuzi 40 tu na uiache itulie dakika 30 ikiwa na vuguvugu. Maji yoyote yaliyotoka kwenye maua yatakaa chini, kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Mimina taratibu ya juu, acha ya chini. Kazi hii ndogo ndiyo inayookoa kila kitu kinachofuata. Gramu 40 za siagi hiyo zinatosha gramu 400 za chokoleti nyeupe: ichanganye na chokoleti iliyoyeyuka kabla ya kutia mbegu, kisha tempa kama ilivyoelezwa. Iliyobaki igandishe, ifunge vizuri, ifiche gizani, itakaa miezi.

Safisha kalibu kwa pamba kavu, mimina, gonga meza mara kadhaa kutoa mapovu, peleka friji yenye nyuzi 10 hadi 12 kwa dakika 20. Friza hapana. Chokoleti iliyotempwa hunywea kidogo ikiganda na kujitenga na kalibu, utaona kwa chini weupe wa hewa. Isipotoka, usichimbe kwa kisu. Haikutempwa, iyeyushe uanze upya.

Bamba la choya

Choya ikitiwa kwenye krimu ya moto, krimu hukatika kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Ni asidi yake. Kwa hiyo inaingia ikiwa unga mkavu. Kausha tena vikombe vya choya kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa moja hata kama ulivinunua vikavu, maana vinarudisha unyevu upesi. Viache vipoe, saga, chekecha. Kwa gramu 300 za chokoleti iliyotempwa tia gramu 8 za unga huo, koroga haraka, tandaza kwenye karatasi kwa unene wa milimita 4 au 5, nyunyiza korosho zilizokaangwa, petali chache kavu na chumvi ya chembe kubwa kidogo sana. Ikishaganda, vunja kwa mikono. Ukiona chokoleti inaanza kuwa nzito mara tu unga ulipoingia, unga haukukauka.

Mapambo juu ya chokoleti yawe makavu daima. Ua bichi juu ya kipande cha chokoleti hunyauka baada ya saa chache, hutoa maji, na siku ya tatu panaota ukungu.

Kuhifadhi

Ile tabia ya kunyonya harufu iliyokusaidia itakugeukia hapa. Chokoleti iliyokaa friji moja na samaki au vitunguu bila kufunikwa itanuka samaki na vitunguu, asumini au sio asumini. Funga kwa karatasi, kisha kwenye chombo kinachobana. Ganashi ya krimu ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku 7. Vipande vya kalibu na bamba visivyo na krimu hukaa miezi 2 mahali penye nyuzi 16 hadi 18. Baada ya hapo vinaliwa, lakini waridi linakuwa limefifia.

Pwani, ambako hakuna kabati lenye nyuzi 18, vitakaa kwenye friji tu. Ukivitoa, acha chombo kikiwa kimefungwa saa nzima mpaka kifikie joto la chumba. Umande utakaa nje ya chombo. Ukifungua mapema utakaa juu ya chokoleti, utayeyusha sukari, na ukikauka utaacha utando mweupe wenye mikwaruzo. Upo pia utando mweupe wa mafuta, unaotokana na chokoleti iliyopata joto na kupoa tena ovyo. Kuvitofautisha, pitisha kidole: wa mafuta unalainika na kufutika, wa sukari unabaki vile vile na kukwaruza. Wenye mafuta unaweza kuyeyushwa na kutempwa upya. Wenye sukari hautarudi kuwa laini, kwa hiyo kwangua vipande hivyo kwenye maziwa ya moto, gramu 30 kwa kikombe, uvinywe.